Behewa la Anko Simiyu

Juzi nilipeleka simu kwa fundi hapa Kitengela, kwenye vibanda vinavyotazama barabara ya Namanga. Fundi aligusisha chuma chake cha moto kwenye waya wa risasi, moshi mwembamba ukapanda, na harufu yake ikanifanya nishike ukingo wa meza. "Sista, uko sawa?" akaniuliza. Nikamwambia niko sawa. Sikuwa sawa hata kidogo. Mtu mzima mzima, mama wa watoto wawili, nimesimama kwenye kibanda cha simu saa nne asubuhi, na vinyweleo vimenisimama kwa sababu ya harufu ya mabehewa.

Wenzangu wa rika langu mtakumbuka harufu nyingine za utotoni: mafuta ya taa, sabuni ya mche, madaftari mapya ya kufungulia shule. Yangu mimi ni risasi iliyoyeyuka na rangi ya mafuta. Nyumbani kwetu Kajiado, katika chumba ambacho watu wenye akili timamu wangekifanya sebule ya wageni, baba yangu alikuwa akitengeneza treni.

Si za kuchezea. Ukiziita hivyo alinuna mpaka chakula cha jioni. Mchana baba alikuwa karani wa serikali kama karani mwingine yeyote, lakini akivua tai alikuwa fundi wa mabehewa madogo, na wateja wake walikuwa wazee wachache waliokusanya vitu hivyo. Wengine walikaa Nairobi, na mmoja alikaa upande wa Kiserian, ambako alikuwa ametandika reli kuzunguka bustani yake yote. Kila behewa lilikuwa na ukubwa wa mkate. Lilikatwa kutoka makopo ya mafuta ya kupikia, likakunjwa, likaunganishwa kwa risasi, na ndani yake akagandisha jiwe dogo ili lisiruke reli kwa wepesi. Milango ilifunguka, na vigurudumu vya breki vilizunguka ukivigusa kwa ukucha. Mama, Mkamba wa Makueni asiyejua kumung'unya maneno, alikuwa akiwaambia majirani kwamba ameolewa na mtoto wa chekechea mwenye ndevu.

Kama baba alikuwa mtoto wa chekechea, basi mwenzake wa darasani alikuwa Anko Simiyu, mdogo wake, aliyekuwa akikaa nasi. Anko alikuwa gadi, yaani mlinzi, wa treni ya kubeba magadi. Alisafiri katika behewa la mwisho kabisa, peke yake, na koti, taa na birika, nyuma ya mzigo mweupe mrefu uliokatiza uwanda wa Kajiado. Kwa hiyo baba alipounda behewa, Anko ndiye aliyelikagua. "Kaka, hii hendeli iko upande wa kushoto. Ukiweka hapo mtu atavunjika mkono," angesema, kana kwamba kuna mtu wa kuvunjika. Baba angeng'oa na kuanza upya bila kulalamika, na mimi sikuwahi kumwona akimsikiliza mtu mwingine kwa unyenyekevu namna ile.

Yule mzee wa Kiserian alipoagiza behewa la gadi, Anko aliomba alitengeneze mwenyewe. Alilipaka rangi nyekundu ya udongo, akalitilia vioo vya plastiki, na ndani, nyuma ya mlango mdogo, akaweka benchi la waya. Lilipokuwa likikauka aliniita.

"Nafula, unaona hii? Hii ndio nyumba yangu. Mimi hukaa hapo kwa benchi. Ukichungulia vizuri utaniona."

Nikachungulia. "Sikuoni."

"Si ni juu niko hapa na wewe. Ngoja niende kazi ndio uangalie."

Kesho yake alipokwenda kazini nilifunga jicho moja nikatazama. Ndani kulikuwa na giza na harufu ya rangi, na kitu kama bega la mtu aliyekaa. Lilikuwa ni lile jiwe la uzito, bila shaka. Lakini mtu mzima alikuwa ameniambia nitamwona, nami nikamwona.

Haikupita muda mrefu, mtu wa stesheni akaja nyumbani mchana, kofia mkononi. Mama alikuwa uani akichambua maharagwe, nami nilikuwa chini ya meza ya mlangoni nikicheza. Nakumbuka viatu vya yule mtu, vimejaa vumbi jeupe.

"Mama Nafula, Simiyu alionekana akiingia kwa behewa lake hapa Kajiado," alisema. "Watu wamemwona na macho. Kule mwisho wakafungua, hakuna mtu. Koti iko, taa iko, birika bado iko na chai. Yeye hakutoka."

"Hakutoka akaenda wapi?"

"Hapo ndio hatujui. Aliingia, na hakutoka."

Mama alisimama, maharagwe yakamwagika. Yeye alisikia msiba. Mimi, pale chini ya meza, nilisikia maelezo ya mahali alipo. Nilijua behewa lake lilipo. Lilikuwa chumba cha pili, juu ya meza ya baba.

Walimtafuta. Wanaume wa stesheni na morani wa pale walitembea kando ya reli wakipekua vichaka na makorongo, wakarudi na kofia yake tu, iliyookotwa karibu na kalvati, kidaraja cha kupitishia maji chini ya reli. Labda aliinama kutazama gurudumu akateleza. Labda wanyama. Kila mtu alikuwa na labda yake, na baba hakutaka hata moja. Alikataza neno "marehemu" nyumbani. Mchungaji alipolitumia katika sala, baba aliinuka akatoka nje kabla ya amina.

Hapo ndipo nyumba yetu ilipobadilika. Mzee wa Kiserian alikuja kuchukua behewa lake, na baba akamwambia halijaisha. Lilikuwa limeisha. Nililiona kwa macho yangu likiwa limeisha, na nikamwona baba akikwangua rangi nzuri ya Anko pembeni kidogo, akaipaka upya, kesho akaikwangua tena. Mzee alikuja mara nyingine akaambiwa vilevile, akaacha kuja.

Treni ya magadi haikujali msiba wa mtu. Mchana ilipopita, nyumba ilitetemeka, vikombe vikaimba kabatini, na kule chumbani mabehewa yakasogea. Lile jekundu lilikuwa limewekwa juu ya kipande chake cha reli, na mtetemo ulilibingirisha polepole mpaka mwisho, likasimama. Baba akiwepo alilitazama bila kupumua. Siku moja, nikiwa nje ya mlango, nilimsikia akisema kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya kuulizia chumvi:

"Simiyu, ulishukia wapi?"

Kisha akanyamaza, kichwa kimeinama upande, akisubiri. Hakuna kitu kilichowahi kunitisha kama kule kusubiri kwake. Na bado nilifurahi, kwa sababu nilielewa kwamba baba naye anajua.

Kilichonishangaza ni kwamba hakuna aliyempelekea chakula. Watu wazima ni wazembe, nikawaza. Basi nikaanza mimi. Nilimega ugali vipande vya kuingia kwenye mlango mdogo, wakati mwingine karanga, na chai nikamtilia katika kifuniko cha soda. Chai ya rangi, kwa sababu Anko hakunywa ya maziwa. Alikuwa na tabia moja iliyomchosha mama: akimaliza kunywa alikigeuza kikombe kifudifudi mezani, ili asiongezwe. Niliweka vitu vyangu, nikafunga mlango kwa ncha ya kidole, nikaenda zangu kucheza.

Kesho yake ugali haukuwepo. Kifuniko kilikuwa pale pale karibu na benchi, kikavu, kimegeuzwa kifudifudi.

Nilikaa sakafuni. Kwamba Anko yu hai hakukunishtua, hilo nililijua. Nilichoogopa ni njaa yake. Mtu mzima anakula vipande vitatu vya ugali vya ukubwa wa kidole, na hata hajaniita kuomba zaidi! Nikaongeza. Kila siku niliiba kutoka sahani yangu, mama akanisifu kwa kumaliza chakula.

Baadaye nikaanza kumsikia. Nyumba ikitulia baada ya chakula cha mchana, niliweka sikio kwenye bati, na ndani kulikuwa na mkwaruzo mdogo, kama wa mtu anayejigeuza kwenye benchi ngumu. "Anko, ni mimi," ningesema. Mkwaruzo ungekoma papo hapo. Ulikuwa ukimya wa mtu anayesikiliza. Tungekaa hivyo, mimi nje na yeye ndani, mpaka shingo iniume.

Jirani yetu, mama Mmaasai aliyetuletea maziwa, ambaye sote tulimwita Ng'oto Sein, yaani Mama Sein, zamani kila asubuhi aliuliza kwa kelele, "Simiyu ako? Simiyu ameamka?" Sasa hakulitaja jina lile tena. Akilazimika, alisema "yule ndugu," tena kwa sauti ya chini. Nilimpenda sana kwa hilo. Nilidhani hataki kumwamsha. Ilikuja kunichukua miaka kujua kwamba kwao jina la mtu aliyekufa huachwa lipumzike, na kwamba mama yule alikuwa amemaliza kuomboleza wiki ile ile ya kwanza, mlangoni petu, na galoni la maziwa mkononi.

Mvua ndefu zikaja zikaenda, na zile fupi pia. Ndipo Kukhu, mama yake baba, alipotoka Bungoma akaja.

Alishuka na mzigo mrefu uliofungwa kwa shuka, akaukatalia kila mtu aliyetaka kumpokea. Ulikuwa ni mgomba, kipande cha shina lake, kirefu kumfikia mama kifuani. Kajiado ile ya vumbi na miiba, mgomba ungeutoa wapi? Kwa hiyo aliukata shambani kwake na kusafiri nao kwenye basi usiku kucha, umelala mapajani. Kwetu Wabukusu, mtu akipotea na mwili usipatikane, mgomba huzikwa badala yake. Kukhu alisema ni lazima kwanza upelekwe pale alipopotelea, aitwe, ndipo urudishwe nyumbani.

"Sitamzikia ndugu yangu mti," baba alisema. Hakuwa ameketi. "Kesho akirudi nitamwambia nini?"

"Akirudi utaniita mimi nitajibu," Kukhu akasema. "Mwanangu amelala nje, mvua inampiga. Mimi nimekuwa nikiisikia kwa mabati yangu. Wewe ndiwe mkubwa. Usiposema wewe, mimi siwezi kulia. Unanifungia kilio kwa kifua, nitakufa nacho?"

Nilikuwa nimejibanza nyuma ya pazia, na ninachokumbuka ni mikono ya Kukhu juu ya lile shuka, ikilipapasa. Alikuwa hajalia hata mara moja. Kwetu mama halii kabla mkubwa wa nyumba hajatamka, naye alikuwa amesubiri muda wote ule. Leo najua ule ulikuwa ukatili, na kwamba baba aliufanya kwa mapenzi. Siku ile nilijua jambo moja tu: wanataka kumzika Anko.

Baba alikubali kwa kunyamaza. Seremala akaleta jeneza la ukubwa wa mtu, pikapu ikakodiwa, na asubuhi tukaenda kando ya reli mpaka kwenye kalvati ile. Tulikuwa wachache: Kukhu, baba, mama, mimi, yule mtu wa stesheni, dereva na Ng'oto Sein. Uwanda ulikuwa mtupu, nyasi zimekauka. Punda milia walisimama mbali kidogo wote wakitutazama. Jua lilikuwa limeanza kupasha reli, na chuma kililia tik, tik, kikienda mbali upande wa Magadi, kana kwamba kuna kitu kinakuja. Hakuna kitu kilichokuja.

Kukhu alisimama katikati ya reli akamwita kwa Kibukusu. Hakuita kwa huzuni. Aliita kwa ukali, kama anavyoitwa mtoto aliyechelewa mtoni. Aliita, akasubiri, na niliona baba ameinamisha kichwa upande, vilevile kama chumbani. Kisha mgomba ukalazwa ndani ya jeneza na kufunikwa shuka.

"Sasa weka kitu alichokishika na mkono wake," Kukhu akasema.

Baba alienda kwenye pikapu, akarudi na kitu kifuani, chini ya koti. Kabla hajakitoa nilijua. Rangi nyekundu ikaonekana kati ya vifungo.

Sijui nilipataje pumzi ile. Nilimrukia mguu nikaung'ang'ania.

"Msimweke huko! Yuko ndani! Baba, yuko ndani, jana amekula!"

Mama akanivuta. "Nyamaza, wewe! Nini imekuingia?"

"Amekula ugali! Na chai amekunywa, akafunika kikombe!"

Mama aliniachilia kana kwamba nimemchoma. Na hapo hapo, ndani ya behewa, mikononi mwa baba, kitu kikakwaruza.

Wote walisikia. Dereva alirudi nyuma mpaka akagonga mlango wa pikapu. Ng'oto Sein alisema neno la Kimaa na kugeuza uso. Kukhu peke yake alisogea mbele, taratibu, mkono umenyooka, akaanza kuliita lile behewa kwa jina la mwanawe. Hapo sauti yake haikuwa kali tena. Ningependa kuwaambia kwamba baba alicheka au alitufokea. Nilimwona usoni, na nawaapia, uso ule ulikuwa wa mtu aliyeamini. Karani wa serikali, amesimama juani na kopo la bati, akitumaini.

Kisha akapiga magoti mbele yangu. Alikunjua masikio ya bati yaliyoshikilia paa, moja baada ya jingine, kwa ukucha, polepole mno, kama hataki kufika la mwisho. Akaliinua paa.

Ndani kulikuwa na panya. Alikuwa amejikunyata juu ya kiota cha karatasi zilizotafunwa, na chini ya tumbo lake vitoto vyekundu visivyo na macho vilijinyonganyonga. Ugali wangu ulikuwa umetapakaa kila mahali. Kando ya benchi la waya palikuwa na kifuniko cha soda, kifudifudi. Baba alikitazama kile kifuniko kwa muda mrefu kuliko alivyomtazama panya. Panya anaweza kupindua kifuniko, najua. Nimejiambia hivyo maisha yangu yote.

"Angalia, mama," akaniambia. Aliniita mama akiwa na upole mwingi. "Angalia vizuri. Ni panya. Hakuna mtu."

Nikaangalia. Nikaangalia pia chini ya benchi.

"Hakuna mtu," akarudia, na safari hii hakuwa akisema nami. Aligeuka alivyopiga magoti vile vile, akamtazama Kukhu. "Mama, hakuna mtu. Simiyu alikufa."

Kukhu akalia. Sijawahi kusikia tena kilio kama kile. Kilimtoka kimezeeka tayari, kimekaa ndani misimu yote ile, na punda milia wakatimka uwandani. Mama alimshika upande mmoja na Ng'oto Sein upande wa pili, naye Ng'oto Sein, ambaye hangeweza kulitaja jina, alilia bila jina. Baba alikitoa kiota kizima kwa viganja viwili akakilaza kwenye nyasi kivulini mwa kalvati, kisha akarudisha paa, akakunja masikio yote, akaliweka behewa juu ya shuka.

Tulisafiri Bungoma na jeneza lile. Njiani baba aliniuliza mara moja tu, "Mbona hukuniambia?"

"Si nilikuona ukiongea na yeye," nikasema.

Kaburi lilikuwa limechimbwa kabla hatujafika, udongo wake mwekundu na wenye unyevu, si kama wa Kajiado. Watu walijaa. Mchungaji akamaliza, jeneza likashushwa, na ikafika zamu ya mkubwa wa nyumba kutupa udongo wa kwanza. Baba akachota. Akasimama ukingoni na mkono wake umenyooka juu ya shimo, ngumi imefungwa, na haikufunguka. Wazee walikohoa. Mtu akamgusa bega, na ngumi bado haikufunguka.

Kukhu akapenya katikati ya watu, akanishika mkono, akanisimamisha mbele ya baba.

"Huyu ndiye alimlisha mpaka mwisho," akawaambia wazee. "Aliyemlisha ndiye atamlaza. Aanze yeye."

Mzee mmoja alisema mtoto wa kike hawezi kuanza. Kukhu hakugeuka hata kumtazama. Aliinama, akanijaza udongo viganjani, nao ulikuwa baridi. Nikatazama chini, kwenye lile sanduku kubwa, nikaogopa, na nikatamani sana asiwe na njaa.

Nikautupa. Ulidunda juu ya mbao. Kisha nikasikia wa baba ukianguka.